Kipupwe cha Gulwe: Kupanga Kazi na Mafunzo ya Kaya Kabla ya Mvua

Anayeishi Gulwe, wilayani Mpwapwa, anazijua habari mbili ambazo ukizisikia mara ya kwanza utadhani zinapingana. Ya kwanza ni kwamba mvua haitoshi: inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakoma Aprili, na katika sehemu kubwa ya uwanda wa kati jumla yake kwa mwaka ni milimita 500 hadi 700 hivi. Ya pili ni kwamba mvua hiyo hiyo isiyotosha ndiyo inayoing'oa reli. Kipande cha Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe, kinachofuata mabonde ya mito Mkondoa na Kinyasungwe, kimekatwa na mafuriko mara nyingi, na yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalikiharibu hata treni zikasimama. Maji yenye nguvu ya kubomoa tuta la reli hayawezi kuitwa machache. Ni maji yaliyopita juu ya mashamba ya watu bila kuingia ardhini, yakabeba udongo wa juu, yakaenda kuumwaga mtoni. Basi shida ya mkulima wa huku ni kiasi cha mvua, ndiyo, lakini ni zaidi namna mvua inavyopokelewa. Na mvua haipokelewi siku inaponyesha. Inaandaliwa mahali pa kutua miezi mingi kabla, wakati anga ni jeupe na hakuna anayeiwazia.

Mwongozo huu unaihusu kaya inayoishi pamoja: nyumba tatu, nne au zaidi zenye uwanja mmoja, zizi moja na mara nyingi chungu kimoja, iwe babu bado ndiye mwenye kauli au mji umebaki mikononi mwa bibi na vijana. Hoja yake ni moja. Mavuno ya Gulwe huamuliwa kwa sehemu kubwa katika miezi isiyo na mvua, na kazi za miezi hiyo ni nyingi, tena za ujuzi, kiasi kwamba mtu akiwa peke yake hazimudu. Kaya inazimudu, mradi kila kazi ipangwe iwe pia somo kwa asiyeijua. Kaya inayofanya kazi bila kufundisha itakuta, mzee mmoja akiugua, kwamba hakuna anayejua kuchagua mbegu. Nayo inayofundisha kwa maneno tu, jioni kwenye moto, huku kijana akiwa hajashika kitu mchana, inapoteza wakati wa pande zote mbili.

Ratiba usiipange kwa mazoea. Ipangwe na udongo na jua. Mazoea ya wengi ni kuona kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, kama wakati wa kupumzika, wa ngoma, posa na kutembeleana, halafu Oktoba au Novemba watu wakakimbilia shambani kufyeka, kuchoma mabaki na kupanda juu ya ardhi isiyoguswa, ndiyo kilimo cha kuberega kinachojulikana mkoa mzima wa Dodoma. Ngoma hazina ubaya, na wala mwili haukatazwi kupumzika baada ya palizi na kuwinga ndege. Ubaya uko katika kuchelewesha jembe. Mwezi Mei udongo bado una unyevu chini na jembe linaingia. Kufikia Septemba umekakamaa, na shimo lililohitaji mapigo matano sasa linahitaji ishirini. Jirani zetu wa Kongwa wanayo kumbukumbu ghali ya jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale mradi mkubwa wa karanga, ikaleta matrekta na wataalamu wengi, lakini mvua ilipokatika udongo mwekundu wenye mfinyanzi ukawa mgumu kiasi kwamba hata karanga zenyewe hazikung'oka vizuri. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Ulikuwa na makosa mengine mengi, lakini hilo la udongo mwanamke yeyote wa Kigogo angeweza kuwaambia bila malipo.

Kwa hiyo anza kuchimba Mei na Juni, hata kama uvunaji wa uwele na mtama haujaisha. Hapa ndipo faida ya kuwa wengi inapoonekana kwanza. Kipande kilichotangulia kuvunwa, mara nyingi cha karanga au kunde, kipewe kundi la kuchimba, na wengine waendelee na mavuno. Karanga zikishang'olewa zinaacha udongo umelegea, na huo ni msaada usiodumu. Usiuache mpaka Agosti.

Kuhusu nini cha kuchimba, huna haja ya kutafuta mbinu ya mbali. Karibu na jiji la Dodoma kipo kijiji cha Chololo, na mashimo ya kupandia yaliyobuniwa huko na mkulima yanajulikana kwa jina la kijiji hicho. Kila shimo lina upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Katika mstari mashimo yanaachana kwa sentimita 60, na mstari kwa mstari kwa sentimita 90, mistari ikiukata mteremko badala ya kushuka nao. Udongo uliotoka unazungushwa kuwa kingo ndogo. Ndani yanatangulia majivu ya kuwafukuza mchwa, inafuata samadi, kisha mabaki ya mazao yaliyokatwakatwa, mwisho udongo kidogo, na juu inabaki nafasi ya maji kutuama. Mvua ikinyesha unapanda mbegu moja au mbili kila shimo. Maji ambayo yangekimbilia Kinyasungwe yanakaa kwenye mabaki na samadi, na mmea unavuka zile wiki mbili tatu za jua kali zinazokuja katikati ya msimu na kuua mtama wa jirani. Pa kuacha ni bondeni kwenye udongo wa mbuga, unaotuamisha maji wenyewe. Huko mbegu itaoza shimoni.

Kabla ya kushika jembe, fanya hesabu, maana wengi huanza kwa shauku na kuacha njiani. Kwa nafasi hizo eka moja inabeba mashimo 7,500 hivi. Tuseme mtu mwenye afya anachimba 40 kila asubuhi na kuendelea na kazi nyingine mchana. Akiwa peke yake atahitaji asubuhi zaidi ya 180, yaani miezi sita, na ardhi haitamsubiri muda huo. Watu wanane wa kaya moja wataimaliza eka hiyo kwa asubuhi 24. Robo eka wataimaliza kwa asubuhi sita. Hesabu hii ndiyo sababu mbinu nzuri kama hii imeonekana na wengi, ikasifiwa na wengi, na kufanywa na wachache: imehubiriwa kwa mkulima mmoja mmoja, na hali ni kazi ya kundi. Nakushauri mwaka wa kwanza kila nyumba isivuke robo eka. Samadi ya kaya ya kawaida haitoshi zaidi ya hapo, na shimo lisilo na samadi ni jasho lililozikwa.

Mistari ndiyo yenye elimu ndani yake. Mstari ukikosewa hata kidogo, maji yanatafuta shimo lililo chini kuliko mengine, yanalivunja, na pale unaanza mfereji. Kipimo chake ni cha miti mitatu na jiwe. Chukua miti miwili myembamba yenye urefu sawa, mita mbili hivi, uifunge pamoja juu na kuitanua chini; kingamisha wa tatu katikati hadi upate umbo la herufi A; kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe. Simamisha miguu yake juu ya vigingi viwili, weka alama pale uzi unapogusa mti uliokingama, kisha geuza miguu ibadilishane vigingi na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo unatembea nacho shambani mguu kwa mguu, na kila uzi unapotulia katikati unapigilia kigingi.

Kazi hii igawe kwa jozi, na jozi uipange kwa ujuzi wala si kwa urafiki: anayejua na asiyejua. Siku ya kwanza anayejua atangulie, mwenzake akishika vigingi. Siku ya pili wafanye kwa kupokezana. Siku ya tatu mwanafunzi atangulie, na mwalimu apite nyuma bila kusema neno mpaka mstari uishe. Kukaa kimya ndiko kunakowashinda walimu wengi wa nyumbani. Kijana akikosea tu, baba anampokonya kifaa na kumaliza mwenyewe, na somo limekufa hapo. Badala ya kumpokonya, jioni mwambie achukue ndoo ya maji yaliyofuliwa nguo, ayamwage juu ya mstari wake, atazame yanakoelekea. Kosa alilojionea halihitaji kukaripiwa. Wala usidhani anayejua ni mzee kila mara. Kijana aliyemaliza kidato cha nne huenda akakielewa kipimo cha A haraka kuliko babu yake, na babu naye anajua mvua ya mwaka fulani ilipita wapi na kuvunja nini. Wote wawili wanahitajika kwenye mstari mmoja.

Sasa nafaka. Sehemu hii naipa nafasi kubwa kuliko watu wanavyoitazamia, kwa sababu kaya nyingi huona kazi imekwisha mtama ukifika nyumbani. Mwaka 2016 katika mikoa ya kati, Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye nafaka, na mahindi ndiyo yaliyotiliwa shaka zaidi. Ukungu huo hauonekani kila mara, na kupika hakuondoi sumu yake. Unaanza pale punje inapokaa na unyevu, inapoanikwa juu ya udongo mtupu, inapopasuliwa na wadudu au na fimbo ya kupuria iliyopigwa bila kiasi. Kukausha, basi, ni ujuzi wa kuokoa maisha, na katika kaya nyingi ujuzi huo uko kwa mama au bibi mmoja ambaye hajawahi kuombwa aufundishe. Mwombe, na mbele ya vijana wa kiume pia, maana hao kesho watakuwa na ghala zao.

Masomo yake ni haya. Nafaka ianikwe juu ya turubai, mkeka au uwanja uliosilibwa vizuri, na jioni ifunikwe au iingizwe ndani, kwa sababu umande wa kipupwe unarudisha usiku unyevu uliotolewa mchana. Ukavu usiukadirie kwa macho. Njia ya kale ni kutafuna punje: ikivunjika kwa mlio imekaribia, ikibonyea bado. Njia ya uhakika zaidi ni ya chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na nafaka kadiri ya theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, nafaka ina unyevu, irudishe juani. Chumvi ikidondoka chini yote, iweke akiba. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukabidhiwa kipimo hiki kikawa kazi yake ya kila siku, na ni nadra kumpata mtu mzima atakayekifanya kwa uaminifu kama yeye.

Halafu chagua pa kuhifadhia kulingana na zao. Uwele na mtama wenye punje ndogo na ngumu unavumilia kwenye kihenge kilichosilibwa na kuinuliwa juu ya mawe. Mahindi hayavumilii, hasa tangu dumuzi alipoingia nchini kutoka Amerika katika miaka ya 1970. Mdudu huyo anaweza kugeuza gunia kuwa unga kabla ya Krismasi. Mahindi na kunde viwekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, inayouzwa madukani kwa bei inayozidi ya kiroba cha kawaida lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja ikitunzwa panya wasiitoboe. Mbegu ya mwakani haitoki ghalani. Inachaguliwa ikiwa bado imesimama shambani, kwenye mmea uliokomaa mapema, wenye suke zito na usioonyesha ugonjwa, kisha inatundikwa juu ya moshi wa jiko. Mfundishe kijana kuchagua masuke 50, wewe uchague yako 50, mkae chini mlinganishe. Ikiwa unataka mbegu iliyoboreshwa, kama mtama wa Macia unaokomaa haraka, ijaribu kwenye kipande kidogo kando ya mbegu ya nyumbani kabla ya kuiamini kaya nzima.

Siku yenyewe ikae vipi? Asubuhi za kipupwe zina upepo baridi, na hakuna faida ya kumpeleka mtu shambani alfajiri akasimama na kujikunyata. Saa moja na nusu jua limeshika, watu wamekunywa uji, wachimbaji waende, warudi saa nne na nusu. Wakati huo mifugo iwe imeshanyweshwa. Adhuhuri na alasiri, masuke yakiwa makavu, ndio wakati wa kupura na kupepeta, maana upepo wa mchana unafanya nusu ya kazi. Kazi za kukaa, kama kusuka vikapu, kuchonga mipini, kushona magunia, kusafisha vibuyu na kutwanga mlenda uliokauka, ni za alasiri kivulini na za jioni kwenye moto, na hapo ndipo mazungumzo yanapofaa. Vyungu vichomwe msimu huu huu, kuni zikiwa kavu na mvua haipo.

Katika ratiba hiyo kuna mtego, nao uko upande wa wanawake. Kuni, maji na chakula vinaendelea kuwa vyao hata siku ambayo wamechimba mashimo 40. Ukiongeza kazi mpya bila kupunguza ya zamani, mpango utadumu wiki mbili kisha utasambaratika, na utawalaumu wao. Zamu ya maji ipewe vijana wa kiume wenye baiskeli au punda. Kisima cha mchangani kwenye mkondo mkavu kichimbwe na wanaume, kizungushiwe miiba, na pa kunyweshea ng'ombe pawe kando, upande wa chini wa mkondo, ili mnayokunywa yasichanganyike na ya mifugo. Kwa watoto sheria imeshaweka mpaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru wala kumzuia shule. Wanafunzi wahesabiwe kwenye likizo ya Juni na siku za mapumziko, kwa kazi zinazolingana na umri wao. Kumtoa mtoto darasani ili akajifunze stadi ni kumpa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine.

Yapo mengine ambayo nayataja kwa ufupi kwa kuwa yanajieleza. Mashambani kumejaa visiki vilivyo hai vya miti iliyokatwa zamani. Chagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, pogoa mengine, funga kitambaa kama alama ili mchungaji na mkata kuni wajue kisiki kina mwenyewe. Taasisi ya LEAD Foundation, yenye makao Mpwapwa, inaieneza kazi hii mkoani kwa jina la Kisiki Hai, na gharama yake ni panga tu. Mabua ya mtama yakusanywe juu ya dari ya miti yawe chakula cha ng'ombe Oktoba, lakini machipukizi mabichi yanayoota kwenye mashina baada ya kuvuna usiyachungie mifugo, yana sumu inayoua haraka. Paa la tembe likaguliwe na kuongezwa udongo kabla ya Novemba. Mwenye bati afunge mifereji: paa la mita za mraba 40 likipata milimita 500 linaangusha lita 20,000, kasoro kidogo zinazopotea.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, maana wana hoja. Wa kwanza watasema kazi ya pamoja tulishaijaribu na ikashindwa. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika katika vijiji vya ujamaa, Mwalimu Nyerere mwenyewe akaja Chamwino kushiriki kazi, na bado mashamba ya pamoja mengi yalidorora. Ni kweli, ila tazama yalidorora kwa nini. Shamba lilikuwa la kijiji kizima, mgao haukujulikana, aliyelima sana na aliyelima kidogo walipata kimoja, na watu na mifugo walirundikana mahali pamoja mpaka ardhi ya karibu ikachoka. Hapa hatuzungumzii kijiji. Kaya ni watu wanaojuana tabia na wanaokula pamoja, mvivu hana pa kujificha. Hata hivyo chukua funzo la wakati ule: mgao usemwe mapema. Vipande vya shamba vibaki na wenyewe, kila nyumba na chake, na kinachofanywa pamoja kiwe ile kazi tu isiyowezekana peke yake, kama kuchimba, kupura na kuezeka. Mchimbe kwa nyumba ya kwanza asubuhi sita, mhamie kwa ya pili. Anayekosa bila sababu, asubuhi yake idaiwe.

Wa pili watasema kijana hawezi kukaa Gulwe anachimba mashimo wakati Dodoma inajengwa. Serikali imehamia, mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, treni ya umeme inapita Gulwe yenyewe, na kibarua cha ujenzi kinalipa taslimu. Hoja hii ni nzito kuliko zote, na jibu la kumzuia kijana ni jibu baya, ataondoka usiku. Mpangie. Mei na Juni achimbe, Julai hadi Septemba aende, Oktoba arudi kwa kujaza samadi na kuezeka. Sehemu ya fedha atakayoleta inunue mifuko ya nafaka, na hilo likubaliwe kabla hajapanda treni. Lakini kaya isijiache bila mikono kabisa. Njaa kubwa ya Ugogo inayoitwa Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, haikuletwa na ukame pekee. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalichukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, na kaya zilizobaki zikakosa chakula na pia watu wa kukizalisha. Leo hakuna anayekamatwa kubeba mizigo, lakini mji uliobaki na bibi na wajukuu watatu una udhaifu ule ule.

Wa tatu watasema stadi zinafundishwa vyuoni. Zinafundishwa, na kijana apelekwe akipata nafasi: VETA iko Dodoma, na Mpwapwa kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Chisalu, kimojawapo cha vyuo vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa ajili ya watu wazima wa vijijini. Huko atajifunza uashi au kuchomelea. Mteremko wa shamba lenu hautakuwa kwenye mtaala, wala kisima kipi kinakauka kwanza. Tena aliyezoea kupima usawa kwa kipimo cha A hatapata taabu na pima maji ya fundi mwashi.

Wa nne, na hawa mara nyingi ni vijana wenyewe, watasema mnataka kuturudisha kwenye ujuzi wa kizamani. Kwa baadhi ya mambo wana haki. Kuchoma mabaki ya shamba ni kizamani na ni hasara, maana kinachoungua ndicho kingejazwa shimoni. Kuanika mahindi chini ni kizamani na kumeua watu. Ujuzi wa kaya upimwe kwa matokeo, wala usiheshimiwe kwa umri wake. Ndiyo maana bwana shamba au bibi shamba wa kata aalikwe angalau mara moja kila kipupwe, aone na aulizwe; na kwa mambo ya mifugo, Mpwapwa hapo jirani ipo taasisi ya utafiti, TALIRI, yenye historia inayoanzia maabara ya mifugo iliyowekwa na Wajerumani mwaka 1905, ambako ndiko alikozalishwa ng'ombe wa aina ya Mpwapwa. Kuishi karibu na utafiti kwa zaidi ya karne moja bila kwenda kuuliza ni aibu ya pande zote, ya kwetu na ya watafiti.

Yote haya yanaanza na kikao kimoja cha kaya, wanawake wakiwa na sauti humo, na kinahitaji majibu manne tu: robo eka ipi inaanza, nani na nani ni jozi, zamu ya maji ni ya nani, na mgao ukoje. Kiite mara karanga zinapong'olewa. Ukikiita Agosti, jembe lenyewe litakwambia umechelewa.